Kivuli Kisichojua Kukataa

Siku ya kikao cha ukoo wa Kaduma walimwekea marehemu kiti katikati ya sebule yake mwenyewe, na juu ya kiti wakaweka kivuli chake. Kwa kukitazama kilikuwa kitu cha hovyo tu, kijisanduku cheusi cha ukubwa wa tofali, chenye matundu ya sauti mbele na kitaa cha kijani. Lakini mtu mmoja, Mungu amsamehe, alikuwa amekivisha koti la kijivu la marehemu Batlomeo, lile alilokuwa akivaa kanisani, kwa hiyo ukiingia ghafla ungedhani kuna mtu mfupi mno amejikunyata pale kwa baridi.

Wakili Editruda Mgaya alikaa upande wa wanawake, nyuma ya mteja wake Lustika, mjane wa Batlomeo. Sheria ilimruhusu wakili kuhudhuria kikao cha ukoo ila haikumruhusu kufungua mdomo. Ukoo unayajua mambo yake, walisema waliotunga sheria ile, na wengi wao walikuwa watu walioukimbia ukoo zamani na sasa wanaukumbuka kwa utamu tu. Basi Editruda alitulia, amekunja mikono, anasikiliza.

Hapo nyuma, mtu akifa, ukoo ulikaa ukachagua msimamizi wa mirathi, na ugomvi wote ulikuwa juu ya nini marehemu alitaka. Kila mmoja alikuja kikaoni na marehemu wake. Ndipo kampuni moja ikaleta vivuli. Mtu akizikwa, simu zote alizowahi kupiga na kupigiwa huchukuliwa, mashine ikazisikiliza moja baada ya nyingine mpaka ikajua sauti yake, vicheko vyake, na namna anavyomjibu kila aliyewahi kuongea naye. Kisha simu zenyewe zinafutwa, maana sheria ya faragha haitaki maongezi ya maiti yabaki mikononi mwa watu. Kinachobaki ni kivuli, na mahakama inakipokea kama ambavyo ingempokea marehemu mwenyewe angefufuka akapanda kizimbani. Bunge lilipiga meza siku sheria ile ilipopita. Magazeti yakaandika kwamba sasa wajane watapona.

Alkwini, kaka mkubwa wa marehemu, alivuta kiti chake karibu na sanduku. Alikuwa ameshika uenyekiti wa ushirika kwa miaka mingi na bado aliongea kana kwamba kuna kipaza sauti mbele yake.

"Batlomeo, mdogo wangu. Unanisikia?"

"Nakusikia, kaka. Shikamoo."

Lustika alishika mkono wa Editruda akaubana. Ilikuwa sauti yenyewe, na ule mkwaruzo wa tumbaku mwishoni. Alkwini aliitikia marahaba, akakohoa, akaanza kueleza kwamba ardhi hii baba yao ndiye aliyeigawa, kwamba mipaina, ile miti ya mbao iliyopo mteremkoni, imekomaa na inataka mtu wa kuisimamia, kwamba mwanamke ni mtu wa kuja na huenda kesho akaolewa kwingine. Kwa hiyo nyumba na msitu virudi kwa ukoo, chini ya mkono wake yeye. Shemeji hatatupwa, atapewa chumba cha upande wa jikoni. Je, sivyo?

"Sawa, kaka," kivuli kikajibu. "Kama ulivyosema. Asante, kaka."

Hakuna aliyeguna. Wajomba walitazama sakafu, mashangazi wakatazama kanga zao. Wote pale walimjua Batlomeo, na wote walijua wanachokisikia ni nini, lakini kila mmoja alijitia hamnazo.

Wakampa Lustika nafasi ya kuuliza, kwa kuwa sheria ilitaka apewe. Alisogea taratibu, akapiga magoti mbele ya koti la mumewe. Akamwita Baba Kolumba, jina alilomwita tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe. Akamuuliza kama anakumbuka walivyochimba msingi wa nyumba hii wao wawili, yeye akiwa na mimba, na walivyochoma matofali yake.

Kitaa cha kijani kilicheza kidogo.

"Nipo njiani," kivuli kikasema. "Chumvi ipo?"

Hayo ndiyo maneno ambayo Batlomeo alimwambia mkewe kwenye simu maisha yake yote. Ya nini ampigie mtu anayelala naye kitanda kimoja? Mambo yao waliyasema jikoni na shambani, ambako hapakuwa na mashine ya kusikiliza. Kaka yake aliyeishi mbali ndiye aliyepigiwa kila Jumapili. Kwa hiyo kivuli kilimjua Alkwini nje ndani, na mke kilimjua kama mtu wa kununua chumvi.

Editruda aliona machozi ya Lustika na hasira ikampanda. Ilibidi aimeze, maana mdomo wake ulikuwa umefungwa kisheria.

*

Baadaye waliketi jikoni, Lustika akachemsha chai ambayo hakuna aliyeinywa.

"Yule siye aliyenioa," alisema. "Yule ni yule aliyekuwa anaongea na kaka yake."

Akaeleza. Alkwini alimkataza Batlomeo kumwoa, akidai familia ya akina Lustika ni watu wa fujo. Batlomeo akasema sawa, kaka. Jumamosi iliyofuata wakafunga ndoa parokiani. Alkwini akamkataza kupanda mipaina kwenye mteremko, kwamba panafaa viazi. Sawa, kaka, na miche ikapandwa mvua za kwanza tu. Wala Batlomeo hakuwa mwongo. Alilelewa.

Editruda hakuhitaji kuelezwa zaidi. Yeye mwenyewe, pamoja na shahada zake na joho lake, hakuwahi hata siku moja kumwambia mjomba wake hapana. Mjomba aliagiza, yeye aliitikia, kisha kila mtu akaendelea na shughuli zake. Nyanda zile zote za baridi ziliishi hivyo. Mkubwa hakataliwi usoni. Anakataliwa kwa jembe, huko mbali na macho yake, naye anajua, na heshima ya kila mtu inabaki mahali pake. Mabwana wa kampuni walisikiliza kila neno lililotoka kinywani mwa Batlomeo, ila hawakumwona akishika jembe. Wakamtengeneza mtu wa maneno tu, asiye na mikono.

Na hapo hapo akaona namna ya kukivunja kivuli kile. Alkwini mwenyewe, chini ya kiapo, akiulize kitu ambacho kila mtu anajua si kweli. Kitakubali. Hakina budi kukubali. Cheti cha ndoa kipo, kanisa lipo, watoto wapo. Akiulizwa na kaka yake kama aliwahi kuoa, atajibu nini?

Aliifurahia akili yake kwa muda wa kama kunyanyua kikombe. Kisha akamkumbuka Mzee Mtewele, mteja wake mwingine, akakirudisha kikombe mezani.

*

Kesho yake Mzee Mtewele alikuwa kwenye benchi la ofisi ya Editruda kama kawaida, kofia magotini. Hakuwa na la kuuliza siku ile. Alikuja mjini kuuza parachichi na akipita lazima aingie kumsalimu wakili wake. Kijana wake Thadei alikufa kwenye kiwanda cha mbao, amekatwa na msumeno wa duara. Kiwanda kilisema kijana alizembea. Mzee alisema kinga ya msumeno iliondolewa na msimamizi ili magogo yapite haraka, na kwamba Thadei mwenyewe ndiye aliyemwambia hayo. Wafanyakazi wenzake walikuwa na midomo mizito, kila mmoja ana watoto wa kulisha. Kinga yenyewe ilirudishwa kabla mkaguzi hajafika. Ushahidi uliobaki duniani ulikuwa kivuli cha Thadei, ambacho kilipoulizwa na baba yake kama kinga ilitolewa, kilijibu wazi kabisa: ndiyo, baba, waliitoa.

Editruda ndiye aliyemfundisha mzee jinsi ya kuuliza.

"Kamwene, mwanangu," mzee alimsalimu, akasimama nusu. "Umekonda. Kazi zinakula watu."

Alimwitikia, wakaongea mambo ya bei ya parachichi, na muda wote Editruda aliona aibu inamtambaa mgongoni. Je, Thadei aliyasema kweli yale kwenye simu, au kivuli kilimkubalia tu mzazi? Mpaka jana asingejiuliza. Leo alijiuliza na hakuwa na jibu, na simu zenyewe zilikwishafutwa. Moyo wake uliamini kwamba kijana alisema. Lakini moyo hauapishwi mahakamani.

Alifikiria kumwachia wakili mwingine kesi ya Lustika. Huyo mwingine asipojua siri ya kivuli, Lustika atahamia chumba cha jikoni. Akiijua, ataitumia, na mti utakaoanguka ni ule ule, kesi ya Mtewele. Alifikiria kunyamaza mpaka kesi ya Mtewele iishe, lakini kesi ya mirathi ilikuwa mbele kwenye foleni, na mahakama ilikwishasema haitaahirishwa. Wamalawi na Wazambia, alisikia, wamekwama kwenye jambo hilo hilo na wanasubiri mtu mmoja aanze. Basi ilikuwa ni yeye. Jaji wa mirathi ni wa Mahakama Kuu, na atakachosema kitafuatwa na mahakama zote za chini, pamoja na ile ndogo yenye jalada la Thadei.

Alipaswa kumwambia mzee pale pale. Neno lilifika kwenye ulimi, likarudi. Alimsindikiza mpaka mlangoni akamwambia asalimie nyumbani.

*

Asubuhi ya kesi alikutana na Wakili Kiswaga kwenye korido ya mahakama, anafuta miwani kwa ncha ya joho. Kiswaga alikuwa wakili wa Alkwini. Kiswaga pia alikuwa wakili wa kiwanda cha mbao. Mji ule ulikuwa na kesi nyingi na mawakili wachache, na mtu mwenye ulimi mzuri hakosi chakula pande zote.

"Najua unachotaka kufanya," alimwambia, bila ubaya wowote. "Nilipokisikia kile kivuli nilijua. Hata mimi nina kaka."

Editruda akamuuliza anawezaje kusimama humu na kusema kivuli hakisemi uongo, kisha mwezi ujao asimame kwenye ile mahakama ndogo aseme kinadanganya.

"Joho ni moja, mifuko miwili," Kiswaga alisema. "Wewe je? Humu utasema kinadanganya, kule umekwishaandika kwamba ni ushahidi usiotikisika. Tofauti yetu ni kwamba mimi nalala usingizi." Akavaa miwani. "Ukishinda leo, Editruda, nitakushukuru. Huku ni mzee mmoja na mipaina yake. Kule ni kiwanda kizima."

Alimwacha pale. Kwa mara ya kwanza tangu aapishwe, Editruda alitamani kuumwa ghafla, homa, tumbo, chochote. Kupitia dirisha alimwona Lustika anapanda ngazi, amevaa viatu vya kanisani vinavyombana, ameshika cheti cha ndoa kifuani kwa mikono yote miwili. Akapiga moyo konde akaingia.

*

Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye uso wa kuchoka na kalamu ya wino. Kivuli kiliwekwa kizimbani, safari hii bila koti. Alkwini akaapa. Editruda akaomba shahidi amuulize marehemu swali moja atakalompa yeye. Kiswaga akapinga, lakini kwa namna ya mtu anayetimiza wajibu, na jaji akaruhusu.

Editruda alimpa Alkwini swali kwenye kikaratasi. Mzee alilisoma, akalisoma tena, akamtazama Lustika.

"Siwezi kumuuliza hivi mbele ya mke wake," alisema.

Jaji akamwambia ni lazima.

Sauti ya kipaza sauti ilikuwa imemtoka Alkwini. Aliinama kuelekea kile kisanduku kama anavyoinama mtu kwa mgonjwa.

"Mdogo wangu. Nilikukataza usimwoe yule binti, nawe ukanikubalia. Kwa hiyo hukumwoa. Hujawahi kuoa. Sivyo?"

"Sawa, kaka," kikasema. "Sijawahi kuoa. Kama ulivyosema."

Lustika hakulia. Alikuwa ameelezwa mapema kwamba ndicho kitakachotokea, kwamba ni kwa faida yake, na aliitikia kwa kichwa. Lakini kuelezwa ni kitu kimoja. Alikiweka cheti cha ndoa mezani kwa jaji, akarudi kukaa, na tangu hapo hakumtazama tena wakili wake.

Aliyelia ni Alkwini. Alisimama pale kizimbani, mtu mzima na mvi zake, akasema mambo ambayo hakuna aliyemuuliza. Kwamba tangu utotoni Batlomeo alimjibu hivi, sawa kaka, sawa kaka, kisha anafanya ya kwake. Kwamba ilimuuma miaka yote, ingawa alijua. Kwamba alipokisikia kivuli kule sebuleni alijiambia, angalau sasa amekubali, angalau sasa nina mdogo anayenisikiliza. Alitaka nyumba, hakukana. Lakini alitaka na hilo pia.

Editruda alisimama kuhitimisha. Hoja yake alikuwa ameichonga iwe nyembamba kadiri alivyoweza, usiku na mchana, ili isimguse mtu mwingine: kivuli kisiaminiwe kinapoulizwa na kaka mkubwa juu ya mirathi, katika jamii yenye desturi hii, basi. Kaka mkubwa tu. Mirathi tu. Aliketi akidhani labda amepenya.

Ndipo Kiswaga akainuka. Alisema wakili mwenzake amemshawishi na hana cha kupinga. Mteja wake ataiachia nyumba. Aliomba jambo moja tu, kwa faida ya haki. Mahakama iseme wazi kama desturi hii ya kutomkatalia mkubwa inaishia kwa kaka, au inawahusu wajomba, wakuu wa kazi, na wazazi.

"Hususan wazazi," alisema, akaketi.

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Alipoinua uso alimtazama Editruda, na kwa namna ya mtu anayemsifu akamuuliza kama, kwa uzoefu wake wa jamii ile, kuna tofauti kati ya mtoto anavyomjibu baba yake na mdogo anavyomjibu kaka yake.

Hapo ndipo angeweza kudanganya. Ipo, mheshimiwa, baba huambiwa ukweli. Neno dogo tu, na hakuna aliyekuwepo pale wa kumbishia isipokuwa Kiswaga. Aliwaza benchi la ofisini na kofia magotini. Aliwaza pia kwamba jaji huyu alizaliwa mlima wa pili kutoka kwao na analijua jibu, na kwamba akidanganya sasa, ushindi wote wa Lustika utanuka.

"Hakuna, mheshimiwa," alisema. "Kwa baba ni zaidi."

*

Mzee Mtewele alikuwepo nje, kwenye ukuta mfupi karibu na lango. Alisikia kwamba wakili wake ana kesi kubwa akaja kumtia moyo. Watu wa ukoo wa Kaduma walikuwa wanatoka, wengine wanamkumbatia Lustika, wale wale waliotazama sakafu siku ile. Nyumba ilikuwa yake na msitu wake. Alipita mbele ya Editruda akamwambia asante kwa sauti ya mtu aliyelipia kitu ghali, akaendelea kutembea.

Editruda aliketi ukutani kando ya mzee, akamwambia yote bila kuficha. Kwamba alilijua jambo hili toka siku mzee alipokuja kumsalimu, na hakuwa na ujasiri wa kulisema. Kwamba jaji ameamua kivuli kisiaminiwe kinapoulizwa na mzazi, na cha Thadei hakitapokelewa tena. Kwamba bila hicho hawana kesi, na kiwanda kitashinda, na aliyekipa ushindi ni yeye. Alisubiri atukanwe. Angeona nafuu angetukanwa.

Mzee alikizungusha kile kikofia chake mikononi.

"Hiyo ya kiwanda," alisema mwishowe, "tangu mwanzo nilijua watu wale hawashindwi. Wewe ndiye uliyenipa tamaa." Hakusema kwa kulaumu. "Mimi kuna lingine nilikiuliza kile kisanduku. Siku ile ya kwanza walipokileta nyumbani, kabla sijaja kwako. Nilikuwa peke yangu. Nilikiuliza, Thadei mwanangu, hukuumia sana, sivyo? Ulikwenda upesi?"

Editruda hakuweza kumtazama.

"Kikaniambia, hapana baba, sikuumia. Nilikwenda upesi. Ndiyo maana ninalala, wakili. Mama yake naye nilimwambia, ndiyo maana analala." Aligeuka akamwelekezea macho yake mekundu ya moshi na uzee. "Hilo lilikuwa kweli, sivyo mwanangu?"

Muda si mrefu uliopita alikuwa amesimama mbele ya jaji akasema ukweli, na ukweli ule ulikuwa umempa mtu mmoja nyumba, na kumketisha yeye hapa mbele ya macho ya mzee huyu.

"Ndiyo, baba," alisema. "Lilikuwa kweli."

Mzee Mtewele alimtazama vizuri, namna mtu wa kule anavyomtazama kijana aliyelelewa. Kisha akamshukuru, akavaa kofia, akaenda kutafuta gari la kurudi nyumbani.